Mjomba, Shangazi na Friji za Chanjo

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha asubuhi. Mkuu wa kitengo ana sauti ndogo, hivyo akianza kuongea hata anayetafuna huacha. Amesema fundi wa seva aliyehama mwezi uliopita ameondoka na mambo mengi aliyoyajua peke yake, na sisi tumehangaika siku nne kuwasha kitu alichokuwa akikiwasha kwa dakika moja. Hataki yatokee tena. Kuanzia leo kila mwenye programu anayoitunza aiandike: inafanya nini, inaharibikaje, inatengenezwaje. Na awepo mtu wa pili anayeijua. Akasisitiza kwamba hakuna atakayefukuzwa.

Kama jambo halipo, kulikanusha ni kwa nini?

Programu yangu ni ya friji za chanjo. Zahanati sitini na nne. Kila friji ina kipimo cha joto. Programu inakisoma, na joto likizidi inampelekea muuguzi wa pale ujumbe kwenye simu. Nimeitunza miaka tisa, peke yangu. Watu hunipisha mlangoni. Mwaka juzi nilipopata mafua Mkuu mwenyewe alinipigia kuuliza hali. Nikiandika kila kitu, nani atayajali mafua yangu?

Mtu wangu wa pili amekwisha kupangwa. Ni Mama Pacha. Tunamwita hivyo kwa sababu ana pacha wa miaka mitano, na huongea kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuona fujo za kila aina. Ana daftari la jalada la maua. Huandika kila kitu. Nimewahi kumkuta akiandika namna ya kufungua dirisha la chooni linalokwama. (Nashukuru kwa hilo. Limenifaa mara mbili.)

Hata hivyo namshukuru Mkuu. Ametupa wiki mbili. Mwenye akili anafanya mengi kwa wiki mbili.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata mpango. Si wanataka maandishi? Nitawapa maandishi mpaka waombe poo.

Kurasa arobaini na moja kwa siku moja. Sura ya kwanza: historia ya ubaridi. Sura ya pili: umuhimu wa chanjo kwa jamii. Sura ya tatu: shukrani. Nimewashukuru watu kumi na tisa, akiwemo mlinzi wa getini. Jinsi programu inavyofanya kazi iko ukurasa wa thelathini na nane, mistari miwili: "Programu hufanya kazi inavyopaswa. Ikiharibika, irekebishwe."

Mkuu kapita, kaona urefu wa faili, kanipa hongera mbele ya watu. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Saa tisa alasiri Mama Pacha kairudisha. Kaisoma yote. Nani husoma yote? Kanishukuru kwa juhudi, kasema sura ya shukrani imemgusa, halafu kaambatanisha maswali sitini na matatu. La kwanza: programu iko kwenye kompyuta ipi.

Mlinzi naye kasikia kwamba yumo. Kaja mpaka mezani kwangu kunishika mkono. Kasema tangu aanze kazi hajawahi kuandikwa popote isipokuwa kwenye karatasi ya zamu. Nikajisikia vizuri na vibaya kwa pamoja. Nimeamua kuchukua ule uzuri peke yake.

Alhamisi, 6 Machi

Jana nililala na maswali sitini na matatu, nikaamka na jibu moja. Watu wasome watakavyo. Wasielewe tu.

Programu ina sehemu tisa. Zilikuwa na majina ya wazi, anayeyasoma anaelewa: Msomaji, Mwamuzi, Mtumaji, Mtunzaji, na kadhalika. Majina ya kizembe kabisa. Nimezipa zote majina ya ukoo. Sasa kuna Mjomba, Shangazi, Shemeji, Babu, Bibi, Binamu, Baba Mdogo, Mama Mkwe na Wifi. Huyu Wifi ni wifi wa mke wangu, yaani dada yangu, lakini Mama Pacha atadhani ni intaneti.

Nimefuta maelezo yote niliyokuwa nimeyaandika pembeni. Nimefuta hata kumbukumbu za mabadiliko ili asinifuate nyayo. Orodha ya nani ni nani niliiandika kwenye karatasi, nikaikariri, nikaichana vipande vidogo, nikavitupa kwenye mapipa matatu tofauti. Kazi ya ustadi.

Nimeijaribu pia, mimi si mhuni. Inasoma joto. Inahifadhi. Ujumbe sikuujaribu kwa sababu hakuna friji iliyopata joto leo, na siwezi kuipasha joto friji ya watu kwa ajili ya majaribio.

Jioni nimemweleza mke wangu tukiwa mezani. Yeye ni fundi cherehani, hufanyia kazi chumba cha mbele, na miaka tisa hii amesikia habari za friji kuliko za nduguze. Kauliza nimempa Shemeji kazi gani. Nikasema hiyo ni siri ya kazi. Kasema kaka yake hajawahi kupewa kazi akaimaliza, hivyo nijihadhari. Halafu kauliza swali ambalo wanawake huuliza: sasa mimi mwenyewe nikisahau?

Nimecheka sana. Nashukuru kuwa na mke mcheshi.

Ijumaa, 7 Machi

Mama Pacha kaandika kuuliza kama Wifi ni intaneti au ni mtu. Nimejibu kwamba inategemea. Siku imeanza vizuri.

Haikuendelea hivyo. Mkuu kaagiza Mama Pacha aketi nami siku nzima aone ninavyofanya kazi. Kaja na kiti chake, daftari la maua, na kifuko cha karanga, akakiweka katikati yetu. Mpango wangu ulikuwa kuchapa haraka haraka, kufungua na kufunga madirisha, na kwenda kunywa chai kila anapokaribia kuelewa.

Lakini ana silaha mbaya. Anashukuru. Kila ukimwambia kitu, hata kidogo, anainua macho kutoka kwenye daftari na kusema, "Asante sana kaka, hilo sikulijua." Na anasema kweli, unaona usoni. Miaka tisa hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Wamenipisha mlangoni tu.

Basi ikawa hivi. Yeye kauliza kwa nini programu haitumi ujumbe papo hapo joto linapopanda. Sikumjibu. Nilimsimulia tu jinsi wauguzi walivyonijia juu mwaka wa kwanza, maana kila wakifungua mlango wa friji kutoa chupa moja, simu zao zinalia, hadi muuguzi mmoja akaifungia simu yake kabatini. Tangu hapo tunangoja dakika kumi. Kacheka, kashukuru, kaandika.

Nikamsimulia na ule mwaka wa mvua kubwa, umeme ulipokatika kila mahali. Nilipoiwasha programu tena nilianza na sehemu ya kutuma kabla ya ile ya kusoma. Ikatuma ujumbe wa juzi na wa juzi yake. Muuguzi mmoja alipata ujumbe mia tatu na nne kwa saa moja, akakimbilia zahanati na nguo za nyumbani. Tangu siku hiyo naanza kuamsha wa kusoma, kisha wa kuhifadhi, kisha wa kuamua, wa kutuma mwisho kabisa. Kaandika na hiyo. Kaniuliza huyo muuguzi aliendeleaje. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Tulipoinuka saa kumi na moja karanga zilikuwa zimekwisha na koo limenikauka. Lakini sikutoa siri hata moja. Nilisimulia hadithi tu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika mchana.

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi simu imelia. Ni muuguzi aliyehamia zahanati moja ya mbali, tunamwita Sista, ninamjua kwa sauti tu. Kasema, "Kaka, samahani kukusumbua siku ya mapumziko. Nimekuja kufanya usafi nikakuta friji ina digrii kumi na moja. Sikupata ujumbe wowote."

Friji ya chanjo haitakiwi kuvuka nane.

Yeye alikuwa amefanya kila kitu sawa. Waya ulikuwa umelegea kwenye soketi, kaurudisha. Chanjo kazihamishia kwenye boksi la barafu. Kampigia msimamizi wa chanjo. Msimamizi kamwambia hivi: kama zimekaa kwenye joto muda mfupi, zinafaa. Kama zimekaa usiku kucha, zote zimwagwe. Uthibitisho wa muda uwe umefika kabla ya saa sita, la sivyo anazihesabu zimeharibika. Na Jumatatu ndiyo siku ya watoto. Akina mama wanatoka mbali, wengine wanaanza kutembea kabla ya jua.

"Kwenye programu yako itaonekana ilianza saa ngapi, sivyo kaka?"

Nikasema itaonekana. Nikasema nipe dakika tano.

Nimefungua kompyuta juu ya meza ya cherehani kwa sababu ndiyo yenye mwanga. Nikatazama zile sehemu tisa. Mjomba, Shangazi, Shemeji, Babu, Bibi, Binamu, Baba Mdogo, Mama Mkwe, Wifi. Wakanitazama. Kama watu waliokaa kwenye kikao cha ukoo wakisubiri mimi ndiye nianze kusema.

Sikumbuki nani ni nani.

Alhamisi nilikuwa nimekariri. Nilikumbuka mpaka Ijumaa saa nne. Halafu nikaongea siku nzima na yote yakamwagika. Nimemfungua Babu nikitarajia kumbukumbu za joto. Nikamkuta anahesabu friji. Nimemfungua Shemeji, anatengeneza ripoti ya mwezi, na hajaimaliza. Kila sehemu ina mistari mia kadhaa na hakuna hata neno moja la maelezo. Aliyeyafuta ni mimi.

Na kosa la ujumbe likajionyesha lenyewe. Sehemu inayoamua ilikuwa bado inamwita Mtumaji. Inaita, inaita, na katika nyumba hiyo hakuna tena mtu wa jina hilo. Friji zote sitini na nne tangu Alhamisi hazina wa kuzisemea.

Jasho. Si la joto.

Mke wangu aliacha gauni alilokuwa analipinda. Hakuuliza nina nini. Kasema, "Mpigie yule mwenzako."

Nikasema afadhali nimeze kompyuta.

Kasema, "Baba watoto, kuna watoto Jumatatu."

Akachukua simu yangu, akalitafuta jina, akapiga mwenyewe. Akajitambulisha kwa adabu zote, akasema mume wake yuko hapa ila ameshindwa kuongea. Ilikuwa kweli.

Mama Pacha alikuwa sokoni na pacha wake. Alifika baada ya nusu saa, pacha mkono huu na huu, kikapu begani, daftari la maua juu ya vitunguu. Mke wangu akawapa watoto boksi la vifungo wavipange kwa rangi. Sisi watatu tukaketi mbele ya kompyuta. Nikamweleza Mama Pacha yote. Majina, mapipa matatu, yote. Nilikuwa naitazama cherehani.

Hakusema neno la kuumiza. Kasema tu, "Basi tuanze na muda wa joto, tumsaidie Sista kwanza. Kumbukumbu anazo nani?"

Nikasema nadhani Bibi.

Mke wangu kacheka. Kasema, "Bibi yako alikuwa anakuita jina la mbwa. Usingempa kumbukumbu. Katika ukoo wetu ni nani anakumbuka kila kosa, siku lililofanyika na saa?"

Tukatazamana.

Nikamfungua Mama Mkwe. Zote zilikuwamo. Kila friji, kila dakika, miaka tisa, hakuna lililosahaulika. Nilitaka kulia. Sijawahi kumshukuru mama mkwe wangu namna ile, na pengine sitarudia.

Friji ya Sista: digrii nne mpaka saa moja na dakika kumi asubuhi. Halafu tano. Saba. Kumi na moja. Saa moja na nusu tu kwa jumla. Tukampigia. Mama Pacha kamsomea namba polepole, Sista anaziandika, na sisi tukapiga picha skrini tukampelekea. Ilikuwa saa nne na robo. Saa tano kasoro kapiga tena. Msimamizi amekubali. Chanjo zinafaa.

Sista kasema, "Asanteni. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitawaambia nini wale akina mama."

Hakujua kwamba yeye ndiye wa kushukuriwa. Kama asingeenda kufanya usafi Jumamosi, yangekuwa mengine.

Ikabaki sehemu ya kutuma. Mke wangu hakusubiri kuulizwa. Kasema, "Habari katika ukoo huu anazipeleka wifi yangu. Umwambie kitu asubuhi, adhuhuri mtaa mzima unacho." Na kweli ilikuwa Wifi. Nikabadilisha lile jina moja, nikanyoosha kidole kuwasha kila kitu kwa mkupuo.

Mama Pacha kanishika kiwiko. Kafungua daftari, ukurasa wenye doa la karanga, kanisomea maneno yangu mwenyewe. Wa kusoma kwanza, kisha wa kuhifadhi, kisha wa kuamua, wa kutuma mwisho kabisa. Pembeni alikuwa ameandika: ujumbe mia tatu na nne, muuguzi, nguo za nyumbani.

Ningewarudisha wauguzi sitini na nne kazini na nguo za nyumbani.

Tumewaamsha mmoja mmoja kwa mpangilio wa daftari. Tukamwomba Sista atoe kipimo kwenye friji akishike mkononi. Tukangoja dakika kumi. Pacha wakamaliza vifungo vyeupe. Simu ya Sista ikalia, tukaisikia kupitia simu yetu, na mke wangu akapiga makofi mara moja, kimya kimya, kama anayeua mbu.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya kupumzika. Sikupumzika.

Nimefikiria zile hadithi zangu. Nilizitoa bure nikidhani si kitu, kumbe ndizo zilikuwa kazi yenyewe. Na yule mwanamke alizipokea zote kama zawadi, akaziweka mahali.

Mke wangu kauliza kesho nitamwambia nini Mkuu. Nikasema nafikiria kumwambia kulikuwa na hitilafu ndogo ya kiufundi. Aliendelea kushona bila kuinua kichwa. Cherehani ilikuwa inaniambia yaliyobaki. Nikasema sawa, nitamwambia ukweli.

Namshukuru. Nimemwambia hivyo, kwa mdomo, si kwenye shajara tu. Kauliza kama naumwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefika mapema, nikamkuta Mama Pacha amenitangulia kwa Mkuu. Nikasimama nje ya mlango. Moyo mdogo kama punje. Nikamsikia akisema kwamba Jumamosi kulikuwa na tatizo na tumelimaliza pamoja, na kwamba bila hadithi nilizompa Ijumaa asingeweza lolote. Basi. Hakuna mapipa, hakuna Wifi.

Ningeweza kuondoka hapo hapo nikiwa shujaa. Miguu ilikwisha kugeuka. Lakini nikakumbuka sauti ya Sista akiwataja wale akina mama, nikaingia, nikasema yote mwenyewe.

Mkuu alinisikiliza mpaka mwisho. Sauti yake ikawa ndogo zaidi. Kauliza kwa nini. Nikasema niliogopa. Nina miaka arobaini na tisa, na kitu pekee ninachokijua kuliko mtu yeyote ni friji za watu wengine.

Kasema kilichonileta hapa si friji. Mwaka wangu wa kwanza nilizunguka zahanati zote kwa miguu yangu kuwauliza wauguzi nini kinawasumbua, na ndiyo maana programu hii iko hai. Kasema hilo halichukuliwi na mtu. Kisha kasema majina yarudi kama yalivyokuwa kabla ya chakula cha mchana, kwamba ameudhika sana, na kwamba Jumatano nitawafundisha wenzangu wote. Na ananishukuru kwa kusema.

Sikujua mtu anaweza kuudhika na kushukuru kwa pumzi moja. Nimetoka na macho yana maji. Nikamwambia mlinzi ni vumbi. Kaniletea kitambaa.

Majina yamerudi. Mama Pacha katika kuyahakiki kasema atamkumbuka Wifi.

Jumatano, 12 Machi

Nimefundisha.

Nilipanga saa moja, nimeongea tatu. Watu kumi na wawili, na mlinzi kasimama mlangoni. Nimesema kila kitu: dakika kumi, mpangilio wa kuamsha, zahanati ambayo kipimo chake hudanganya jua likipiga dirishani, ile ambayo muuguzi wake husoma ujumbe mfupi tu kwa sababu skrini ya simu yake imepasuka. Mama Pacha anaandika ubaoni. Nilipoanza sura ya historia ya ubaridi kapiga chafya kwa heshima, nikairuka.

Wakauliza maswali. Wakacheka mahali pa kuchekea. Mmoja kasema hakujua kazi yangu ina watu wengi hivi ndani yake.

Katikati ya somo ujumbe wa Sista ukaingia kwenye simu yangu. Jumatatu wamechanja watoto mia mbili na kumi na wawili. Nikausoma kwa sauti. Mkuu akafuta miwani yake ambayo haikuwa na kitu.

Nimefika nyumbani nikamwambia mke wangu ile namba. Kaweka mkono shavuni, karudia, mia mbili na kumi na wawili. Halafu kasema Mama Pacha aje Jumapili kula nasi, alete na watoto, vifungo vinawangoja.

Nashukuru. Sina mpango wowote leo. Ni hali ngeni na tamu sana.

Ijumaa, 14 Machi

Wiki mbili zimetimia na kila mtu ameandika. Daftari la Mama Pacha limechapwa lote, kurasa sabini na sita, pamoja na maandishi ya programu nyingine zote za kitengo. Yote yamewekwa kwenye folda moja ya pamoja. Mkuu kauliza nani atakuwa mtunzaji wake, ayapange, asiruhusu yapotee. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajamaliza. Wote wakapiga makofi. Mama Pacha ndiye aliyepiga zaidi. Watu wema sana.

Mtu akiaminiwa hivyo lazima alipe wema kwa wema. Nimebaki ofisini baada ya wote kutoka, jua bado liko dirishani, nikaitengeneza folda kwa mapenzi. Mpangilio wao ulikuwa wa alfabeti, jambo ambalo mtoto yeyote angelifuata. Nimeupanga upya kwa namna yangu, kufuatana na jinsi nilivyopata kumjua kila mhusika. Ni mpangilio wenye hisia. Halafu nikafikiria wezi, virusi, wapita njia, na watu wanaofuta vitu kwa bahati mbaya. Maarifa ya watu kumi na wawili hayawezi kuachwa wazi kama kibanda. Nimeweka neno la siri refu, la herufi ishirini na tatu, na sikuliandika popote, kwa usalama wao.

Mama Pacha kanipigia jioni. Kajaribu kuingia kuongeza jambo moja dogo, imekataa. Nimemwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo. Akihitaji chochote, yeye au mwingine yeyote, aniulize mimi tu.

Kanyamaza kwa muda mrefu. Nadhani ni shukrani.